Muulize Fundi: Pleya ya Biti 14 Inayoruka Ikipata Joto

SWALI: Fundi, shikamoo. Baba mdogo ameniachia pleya ya CD ya mwaka 1984, nzito ajabu. Nilipoifungua nilikuta chipu mbili zilizoandikwa TDA1540. Rafiki yangu anasema hizo ni za biti 14, na CD ni biti 16, kwa hiyo sehemu ya muziki inapotea. Isitoshe, ikipiga kama nusu saa inaanza kuruka, na fundi wangu anataka kubadilisha leza. Niitengeneze, au niiache iwe pambo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Itengeneze, na huyo fundi mwambie aiache leza kwanza.

Kuhusu biti, rafiki yako amehesabu sawa ila hajafuata hesabu hadi mwisho. Biti ni tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila kipimo cha sauti, na TDA1540 ndiyo kigeuzi, yaani chipu inayogeuza namba za CD kuwa sauti. Philips walikuwa wameshaiandaa walipokubaliana na Sony kwamba CD iwe ya biti 16. Hawakuitupa. Waliweka mbele yake chujio la kidijitali linalozidisha sampuli (vipimo vya sauti) mara nne, kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kelele inayotokana na kukadiria namba husambaa kwenye masafa mapana, na sehemu kubwa husukumwa juu kusikofikiwa na sikio. Matokeo yake yanakaribia sana biti 16.

Faida nyingine ndiyo ninayoipenda zaidi. Mabaki ya uchakataji, yaani mawimbi yasiyotakiwa yanayobaki namba zikigeuzwa, yanahamia mbali na muziki, hivyo chujio la mwisho la analogi (linalochuja sauti ikiwa tayari mawimbi ya umeme) linaweza kuwa laini. Sony CDP-101, iliyotoka Japani tarehe 1 Oktoba 1982, ilikuwa na biti 16 kamili, lakini ilihitaji chujio kali la analogi, na kigeuzi chake kimoja kilihudumia kushoto na kulia kwa zamu. Kwako kila upande una chipu yake. Huo ni uhandisi wa watu waliofikiri kwa kina, na mpaka leo nikiusikiliza naridhika.

Sasa tazama chini ya CD. Katika pleya za ukoo huo wa Philips lenzi inayosoma diski haitembei kwenye reli wala haisukumwi na gia. Imebebwa na mkono mfupi unaozunguka kwenye ekseli moja na kusukumwa na koili ndani ya sumaku, kama mshale wa mita. Upande wa pili una uzito wa kuusawazisha, ili mtikisiko usiuyumbishe. Mistari ya CD imeachana kwa maikromita 1.6 tu, na diski huanza na mizunguko kama 500 kwa dakika karibu na katikati, ikipungua hadi kama 200 ukingoni. Ndiyo maana fremu ni ya chuma cha kumiminwa. Uzito unaoulalamikia mgongo wako una kazi.

Tuje kwenye ugonjwa. Mkwaruzo mdogo hausababishi kuruka, maana pleya ina uwezo wa kusahihisha data iliyopotea kwenye urefu wa takriban milimita 2.5 za mstari. Ikiruka, mkono umepoteza njia. Na kwa kuwa yako inaanza vizuri kisha inaharibikiwa ikipata joto, mimi nashuku maungio ya lehemu. Bodi nyingi za ukoo huo zina viriveti vidogo vinavyounganisha upande wa juu na wa chini. Joto likipanda chuma hutanuka, na ufa usioonekana kwa macho unafunguka. Kila kiriveti kichomekwe waya mwembamba na kulehemiwa pande zote mbili. Kazi inachosha, lakini usikubali ifanywe nusu nusu.

Ingekuwa inagoma ikiwa baridi na kupona ikipata joto, ningeanza na kapasita (vipande vinavyotunza chaji ya umeme) zilizokauka. Wakati bodi iko mezani zipimwe vilevile, hasa za sehemu inayolisha pleya umeme. Lenzi ifutwe kwa pamba yenye isopropanoli kidogo, bila kukandamiza.

Kuna skrubu ndogo inayodhibiti mkondo wa leza. Mafundi wenye haraka huizungusha ili pleya isome kwa nguvu. Itasoma kwa muda, huku leza ikiungua. Mkondo upimwe kwanza kwa mita, na ukiwa ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa huduma, leza ni nzima. Wala usiitazame ikiwaka: mwanga wake ni wa nanomita 780, karibu hauonekani, na unaweza kuumiza jicho.

Chipu zako mbili za TDA1540 zisiguswe. Hazitengenezwi tena.