Mwanangu mwenye usonji haitaki barakoa

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 ana usonji na haongei. Tangu shule zifungwe kwa janga la korona, kila asubuhi anabeba mkoba na kusimama mlangoni. Nikimvalisha barakoa anaivuta na kuitupa. Baada ya wiki mbili tuna miadi kliniki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Kabla ya kumvalisha tena, tafuta kinachomkera. Mara nyingi ni kamba zinazobana masikio, mshono unaokwaruza pua au harufu ya sabuni. Tumia ya pamba laini, ifue kwa sabuni isiyo na manukato, kisha shona vifungo viwili kwenye kofia aliyoizoea, kimoja kila upande, kamba zishike hapo.

Mfundishe mara mbili tatu kwa siku, dakika chache tu. Kwanza aishike, kisha aiguse shavuni. Baadaye mwekee usoni huku ukihesabu kwa sauti hadi 3, itoe, na hapo hapo mpe akipendacho. Akizoea, nenda 5, 10, 30. Usiache kuhesabu, maana ndiko kunakomwonyesha kwamba kero hii ina mwisho. Wengi huharibu kwa haraka: leo sekunde 5, kesho wanataka dakika 10. Akianza kukunja uso, rudi hatua moja. Usingoje alie ndipo uitoe, atajifunza kwamba kilio ndicho kinachoivua. Asilale nayo kamwe, na asiyeweza kuivua mwenyewe asivalishwe.

Ule mkoba ni swali analouliza kwa mikono. Bandika mlangoni picha ya shule iliyopigwa alama nyekundu ya X, na chini yake picha 4 au 5 za siku yake kwa mpangilio: chai, kuchora, kucheza nje, kuoga. Kila jambo likiisha, yeye mwenyewe abandue picha yake. Usimwahidi siku ya kurudi shule kama haijatangazwa.

Kliniki wapigie simu mapema, uombe nafasi ya kwanza asubuhi na ruhusa ya kusubiri nje. Beba kadi yenye mistari michache: anaonyeshaje maumivu, haguswi wapi, nini humtuliza.

Tena, akibadilika ghafla, akajigonga kichwa au kukataa kunywa, usidhani ni ukaidi. Mpime joto, likifika 38 ni homa, na hata lisipofika, angalia masikio, meno na tumbo.