Mteja Akikuta Tovuti Yako Imekufa Hakupigii Kukuambia

"Patron, ni juma moja nimeandika, hamujibu. Mashine ya mayai 528 iko ao hapana?"

Huyo ni mteja wa Bunia, na huo ulikuwa ujumbe wake wa pili. Mimi nimekuja kuusoma miezi minne baadaye, siku fundi alipokuja kuangalia mbona fomu ya kwenye tovuti yetu iko kimya sana, akafungua kule nyuma tukakuta meseji 41 zimelala pale, hakuna hata moja iliyofika, manake inboksi ya imeli ya ofisi ilikuwa imejaa zamani na hakuna aliyekuwa anaifungua. Kulikuwa na wa Arua, wa Juba, wawili wa Eldoret, na mama mmoja wa Mbale ameandika namba yake ya simu mara tatu ndani ya meseji moja, yaani alitaka tusiikose. Nikachukua kalamu nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa wameshanunua kwengine. Wa Bunia alinijibu kwa upole tu, "dada, nilishapata," basi.

Sisi tunatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga pale Katwe, Kampala. Kaka yangu ndio anachomelea na kufunga waya, mimi nakaa na daftari, simu, na hiyo tovuti. Tulipoifungua tulilipa fundi pesa nzuri, ikapendeza, tukaona kazi imeisha, tukaiacha hivyo kama miaka mitatu. Nawaandikia wenzangu wenye biashara ndogo kwa sababu najua wengi mko pale pale tulipokuwa. Pale karakana, mteja akikuta mlango umefungwa anamuuliza jirani, anapiga simu, anarudi kesho. Kwa tovuti hapana. Anafunga ukurasa anaenda kwa mwengine, na wewe unabaki unasema biashara mwaka huu ni ngumu.

Kitu cha kwanza kabisa, na hiki naomba ukifanye leo: jua domeni yako, yaani jina la anwani ya tovuti yako, imesajiliwa kwa jina la nani na kwa imeli ya nani. Yetu ilikuwa kwa jina la fundi. Kijana mwema tu, sina ubaya naye, ila alipata kazi Dubai akaenda, laini ya Uganda akaiacha, na barua zote za kukumbusha malipo zikawa zinaingia kwenye imeli ambayo hata yeye haifungui tena. Siku moja tovuti haipo. Tulimtafuta wiki tatu, kupitia kwa shangazi yake wa Mukono, mpaka tukampata akatutumia paswedi. Domeni ya .com ikiisha muda haipotei siku hiyo hiyo, aliyekuuzia kwa kawaida anakupa muda wa kulipa bei ile ile, inaweza kufika siku 45 lakini wengine wanatoa chache, ikipita hapo inaingia siku 30 za kukomboa ambapo unatozwa faini nzito juu ya bei, alafu siku 5 za mwisho huwezi kufanya chochote, kisha inaachiwa yeyote anayeitaka. Sisi tuliikuta kwenye kukomboa tukalipa, na ile faini peke yake ingetulipia domeni miaka kadhaa. Kwa hiyo domeni iwe kwa jina lako, imeli yako, namba yako, na fundi umpe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Fundi mwaminifu hakasiriki ukimwomba hivyo.

Pili ni apdeti, yaani kuweka matoleo mapya ya programu za tovuti. Tovuti nyingi za biashara ndogo zimejengwa kwa programu ya WordPress, na yetu pia, na WordPress unaiongezea vile vipande vidogo wanaviita plagini, kimoja cha fomu, kimoja cha picha, kimoja cha kuonyesha bei. Wezi wa mtandaoni mara nyingi wanapitia hapo, kwenye plagini ya zamani yenye tundu linalojulikana ambayo mwenyewe hakuiapdeti. Na hawakuchagui wewe kwa jina, wana programu zinazozunguka intaneti nzima zinajaribu milango, kwa hiyo usijidanganye kwamba biashara yako ni ndogo hakuna atakayeitaka. Sisi tuligundua kwamba tumeingiliwa pale mteja mmoja wa Masaka alipoandika jina letu kwenye Google akaona kurasa za kamari kwa lugha ambayo hatuijui, zote ziko chini ya jina letu. Kaka yangu ni mtu wa msikiti, hiyo siku aliumia kweli, alikuwa ananiuliza "sasa watu watasema mimi nachezesha kamari?" na mimi sina jibu.

Tukakimbilia bakapu, yaani nakala za akiba za tovuti. Kumbe bakapu zilikuwa zinahifadhiwa kwenye seva ile ile iliyoingiliwa, yaani kompyuta inayobeba tovuti, nazo zimeharibika! Bakapu iliyokaa pamoja na kitu inachokilinda haina maana. Sasa hivi kila tarehe 1 ya mwezi nashusha nakala nzima naiweka kwenye flashi moja nyumbani na nyengine kwenye Google Drive, na mara mbili kwa mwaka fundi anaijaribu kuirudisha mahali pa majaribio tuone kama inafufuka kweli. Na kabla ya apdeti yoyote kubwa chukua bakapu kwanza, manake saa zingine apdeti yenyewe ndio inavunja ukurasa. Plagini usiyoitumia itoe kabisa, usiizime tu ukaiacha.

Kuna kile cheti cha usalama, kinachofanya anwani yako ianze na https. Toka Julai 2018 Chrome inaandika kabisa kwamba tovuti isiyonacho si salama. Hivi vya bure vingi vilizoeleka kudumu siku 90 na vinajirudia vyenyewe, ila siku visipojirudia mteja anatokewa na onyo kubwa na hapo hata akiwa ndugu yako atarudi nyuma. Uliza fundi wako tu nani anaangalia.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi hawalisemi sana kwa sababu si la ufundi, ni la kwako mwenye biashara. Taarifa zilizooza. Bei ya mwaka juzi, namba ya simu uliyopoteza, picha ya mashine mliyoacha kutengeneza. Mabati na vyuma vinapanda bei, sisi tukipandisha karakana tunasahau kwenye tovuti, mteja anakuja toka Lira na bei ya zamani kwenye simu yake ananionyesha, na ana haki, sisi ndio tuliandika. Siku hiyo tulimuuzia kwa bei hiyo ya zamani. Siku hizi chini ya kila bei naandika mwezi iliowekwa, na kaka akibadilisha bei yoyote lazima aniambie siku hiyo hiyo.

Na namba za simu, jamani. Ukiandika 07 kadhaa kadhaa, mtu wa Goma au Kisumu hawezi kukupigia hivyo, andika +256. Batani ya WhatsApp ndio ina masharti zaidi, kwenye linki yake unaanza na 256 moja kwa moja bila ile alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele, ukiweka sifuri mteja anabonyeza anaambiwa namba haipo. Yetu ilikuwa na sifuri toka siku ya kwanza. Na picha: simu za sasa zinapiga picha ya MB 4 au 5, ukipandisha kumi kama zilivyo unamla mteja bando lake kabla hajaona hata bei, zipunguze zifike kama KB 200, kwa skrini ya simu zinaonekana vizuri tu.

Wengine mtasema mbona nisikae na mitandao ya kijamii niachane na haya yote. Sisi pia tulikuwa na ukurasa Facebook wenye watu wengi kuliko tovuti. Januari 2021 kwenye uchaguzi Facebook ikafungwa hapa Uganda, intaneti yenyewe ikakatwa siku kadhaa, intaneti ikarudi lakini Facebook ikabaki imefungwa, miaka ikapita watu bado wanaingia kwa VPN, ile programu ya kupita palipofungwa. Tovuti yetu iko kwenye seva ya nje, kwa hiyo wateja wa Kenya na Congo walikuwa wanaiona hata siku zile sisi wenyewe hatuioni. Baada ya pale niliweka na namba ya Kenya, ya binamu yetu aliyeko Busia upande wa pili, ili siku kama zile kuwe na mtu wa kujibu.

Kuhusu pesa, tunamlipa fundi shilingi 100,000 za Uganda kwa mwezi, na tumeandikiana anafanya nini: apdeti kila wiki, kuangalia bakapu, kunijibu ndani ya siku moja kukitokea shida. Ukishindwa hiyo basi mpatie ya kila miezi mitatu, lakini usikae bila mtu.

Ila kuna kazi simwachii fundi. Kila Jumamosi kabla ya kufunga naazima simu ya kijana wetu mmoja wa karakana, ya bei rahisi yenye kioo kidogo, nazima wifi natumia bando, naandika Google "mashine ya vifaranga Kampala" kama mteja, naingia, nabonyeza WhatsApp, napiga simu, najaza fomu nasubiri imeli ifike. Dakika kumi. Jumamosi iliyopita nimekuta tangazo letu la mashine za sola limeifunika batani ya kutuma fomu, kwenye kompyuta ya ofisi halionekani hivyo kabisa, ni kwenye simu ndogo tu. Nikapiga picha nikamtumia fundi, Jumatatu saa nne likawa limetoka, na jioni ikaingia fomu ya mtu wa Yei anauliza ya mayai 176.