Mwanangu, kwenye mchoro wako sijaona pa kukanyaga

Mwanangu,

Mchoro wako nimeupata, na jana jioni niliukodolea macho mpaka chai ikapoa. Unauliza kama mboga umezipanga sawa kwenye hicho kiwanja cha mita 4 kwa 5 nyuma ya nyumba. Nyanya umezipa nafasi, vitunguu pia, hata maboga yamo. Aliyekosekana ni wewe. Utasimama wapi ukipalilia zile karoti za katikati?

Nacheka kwa sababu bustani yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, eneo moja pana kama jamvi. Kila nilipofuata gugu nilikanyaga udongo, ukashindiliwa ukawa kama sakafu. Karoti nilizovuna zilikuwa na miguu miwili, nyingine mitatu, maana mzizi ukigonga pagumu hugawanyika. Tangu hapo naanza na njia, mboga baadaye.

Basi gawa hivi. Kwenye upande wa mita 5 weka matuta matatu, kila moja upana wa mita 1, na njia nne za sentimita 50: mbili kati ya matuta, mbili pembeni. Inatimia mita 5 kamili. Ukichuchumaa upande wowote, mkono unafika katikati ya tuta bila kukanyaga. Najua utanung'unika kwamba nimekupokonya karibu nusu ya ardhi. Nimekupokonya kweli. Lakini udongo usiokanyagwa hubaki tifutifu, mizizi inashuka chini, na mbolea yote unaimwaga kwenye matuta tu badala ya kulisha njia. Kama ardhi ina mteremko niambie mapema, kwani matuta yatabidi yaukate na hesabu hii itabadilika.

Kabla ya kushika jembe, tafuta vigingi. Siku moja ukiwa nyumbani, saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, chomeka kigingi pale kivuli cha ukuta kinapoishia. Nyanya na pilipili zinataka jua lisilopungua saa 6 kwa siku; spinachi na saladi zitavumilia hata saa 4. Kwa hiyo vigingi ndivyo vitakavyokuambia nani akae wapi, na uvichomeke tena baada ya miezi mitatu, maana jua huhama. Mimea mirefu ya kufungwa kwenye miti iweke mahali ambapo kivuli chake kitaangukia njia, au kitaangukia mboga za majani ambazo hazitalalamika sana.

Sasa kwa nini matuta matatu, si mawili mapana? Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa damu, na ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Niliwahi kupanda nyanya msimu hadi msimu mahali pale pale. Asubuhi moja nikakuta miche imelegea na majani yake bado mabichi kabisa. Nikamwagilia, wapi. Nikakata shina moja karibu na udongo, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye jeraha, kama maziwa. Huo ndio mnyauko wa bakteria, nao hukaa udongoni miaka. Kwa hiyo wape ukoo huo tuta la kwanza, maharage la pili, kabichi na karoti la tatu, halafu kila msimu wahame tuta moja. Kama udongo tayari una mnyauko, kuhama peke yake hakutoshi, ila kutakupunguzia.

Vipimo vingine ni vyepesi: nyanya sentimita 50 kati ya mche na mche, kabichi 45, vitunguu 10. Karoti usiziatike, mbegu ziende moja kwa moja tutani kisha uzipunguze.

Na yale maboga yatoe katikati. Bua moja linatambaa mita 3 bila kuomba ruhusa. Yapande kwenye kona ya nje, uyaelekeze kwenye uzio.

Nichoree upya, na safari hii uonyeshe bomba la maji liko wapi. Kwenye huu wa kwanza sijaliona.

Mama yako