Kwa nini simu za mitandao ya Marekani huchelewa kusasishwa: niliyoyaona tangu enzi za G1

Wakuu, salaam. Kuna ndugu ameuliza humu: kanunua Samsung Galaxy ya mtumba Kariakoo, ikiwaka inatoa nembo ya mtandao wa Marekani, na kila akiingia kwenye mipangilio kutafuta toleo jipya la Android anaambiwa simu haina cha kusasisha. Mwenzake mwenye Galaxy ya jina hilohilo alishapata toleo jipya zamani. Wachangiaji wawili watatu wamemwambia kauziwa feki. Hapana, mkuu, hiyo simu yaweza kuwa halisi kabisa. Nimeishi Marekani miaka ile simu janja za kwanza zinaingia sokoni na habari hii naijua kwa kuipitia, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Jibu fupi ni hili: simu hiyo iliundwa na Samsung, lakini mteja wa Samsung hakuwa mtumiaji. Mteja alikuwa mtandao, na mtandao ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya programu gani iingie humo ndani na lini.

Tuanzie 2008. G1 ya mtandao wa T-Mobile, iliyoundwa na kampuni ya HTC, ndiyo simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Iliingia madukani Marekani tarehe 22 Oktoba 2008 kwa dola 179, lakini bei hiyo ni ukisaini mkataba wa miaka miwili. Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki utaratibu huo ulikuwa mgeni. Nyumbani unanunua simu dukani, unaweka laini unayoitaka, ukichoshwa na mtandao unachomoa unaweka nyingine. Kule enzi hizo mtandao unakulipia sehemu kubwa ya bei ya simu, halafu unazirudisha hela zake polepole kupitia bili ya kila mwezi. Ukitaka kutoka kabla ya muda unalipa faini. Verizon mwishoni mwa 2009 walipandisha faini yao hadi dola 350 kwa simu janja. Tena Verizon na Sprint walikuwa kwenye teknolojia ya CDMA, simu haina hata mahali pa kuweka laini. Namba ya utambulisho wa simu inaandikwa kwenye mitambo yao, na simu ambayo haikuuzwa kwao hawaiunganishi. Huna pa kwenda.

G1 nilikuwa nayo na niliipenda sana. Unasukuma kioo kwa kidole gumba, kinapanda kwa mkunjo na kujifunga kwa mlio mkavu, chini kunabaki kibodi yenye vitufe vidogo. Mwanzoni kibodi ya kwenye kioo haikuwepo. Hata ukitaka kuandika "nakuja" lazima uilaze simu na kuifungua. Kibodi ya kioo, pamoja na kurekodi video, vililetwa na Android 1.5, ile ya Cupcake, ambayo Google waliitangaza Aprili 2009. Hapo ndipo tulipojua maana ya kusubiri, maana kutangazwa ni siku moja na kufika kwenye simu yako ni siku nyingine. Sasisho lilimwagwa kwa mafungu kupitia hewani, leo hawa, kesho wale, na hakuna wa kukuambia uko fungu gani. Tulikuwa tunabonyeza *#*#2432546#*#* kwenye sehemu ya kupigia, simu inalazimika kuiuliza seva kama kuna kitu chake. Inatokea taarifa juu ya kioo kwamba imefanikiwa kuuliza. Halafu kimya. Unarudia kabla ya kulala.

G1 hiyohiyo ilikuwa na kasoro ambayo kwa watu fulani ilikuwa mlango wa uhuru. Kwenye programu yake ya mwanzo, chochote ulichoandika kwa kibodi kilikuwa pia kinapelekwa kimyakimya kwenye mfumo wa ndani kama amri yenye mamlaka yote. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, ukaandika "reboot", ukabonyeza tena, simu inajizima na kuwaka upya, hata kama ulikuwa unamwandikia mtu ujumbe. Novemba 2008 jambo hilo likajulikana, na sasisho la kuziba tundu likaja haraka sana. Ona hilo: la kuziba lilikuja haraka. Wapo walioligomea kwa makusudi wabaki na mamlaka juu ya simu zao, na kazi ya watu kama hao ndiyo iliyozaa programu mbadala, hasa CyanogenMod ya Steve Kondik. Kwa njia rasmi G1 iliishia Android 1.6, na sababu iliyokuwa ikitajwa ni kwamba hifadhi yake ya ndani, megabaiti 256, haitoshi. Lakini mwaka 2010 CyanogenMod 6, yaani Android 2.2, ilikuwa inawaka kwenye simu hiyohiyo. Ilikuwa nzito, sikatai. Ila iliwaka.

Sasa njoo kwenye Galaxy S, maana ndiyo babu wa simu ya ndugu yetu. Mwaka 2010 dunia nzima iliuziwa Galaxy S. Marekani hukuipata kwa jina hilo. AT&T waliiita Captivate, T-Mobile wakaiita Vibrant, Sprint Epic 4G, Verizon Fascinate. Hayakuwa majina tu. Ile ya Sprint iliongezewa kibodi ya kuteleza na redio ya WiMAX, intaneti ya kasi ya mtandao huo. Ile ya Verizon ilikuja na kitafutio cha Bing cha Microsoft mahali pa Google, kwenye simu ya Google. AT&T kwa wakati huo hawakuruhusu Android zao kusakinisha programu kutoka nje ya duka la Google. Kila mtandao ulijaza programu zake za ramani, televisheni na muziki, na huwezi kuzifuta. Kwa hiyo simu moja ikawa nne, na kila moja inahitaji programu yake iandikwe upya na ipimwe upya.

Matokeo yake? Android 2.2 ilitangazwa Mei 2010. Galaxy S ya kimataifa ilianza kuipata Ulaya kabla mwaka haujaisha. Vibrant ilipata Januari 2011, Captivate Februari, Fascinate Aprili. Wakati Fascinate inaipokea 2.2, Google walishatoa 2.3 tangu Desemba.

Simu yangu ya pili ilikuwa ya mtandao ambao sitautaja, nayo ilikuwa katika foleni ya aina hiyo. Binamu yangu Mwanza alikuwa na simu hiyohiyo katika umbo lake la kimataifa, ameinunua dukani kwa fedha taslimu. Akaniandikia kwamba ameichomeka kwenye kompyuta na imepanda toleo. Yangu bado. Nikaenda dukani kwao. Kijana wa pale alikuwa muungwana, hakuwa na kosa lolote, akasema wanategemea litatoka wiki chache zijazo. Kisha akanionyesha rafu ya ukutani: kuna simu mpya hii hapa, tayari ina toleo unalolitaka, ukiongeza mkataba tunakupa kwa bei nzuri. Niliumia. Kuna hesabu ambayo watu wengi hawaioni: kupima sasisho kunamgharimu mtandao fedha na watu, na hakumletei mteja mpya hata mmoja. Kuuza simu mpya kunamletea miaka miwili mingine ya bili. Ukiwa wewe ndiye meneja, utaharakisha kipi?

Nisiwaonee, upimaji wenyewe ni kazi ya kweli. Google wakitoa toleo, mtengeneza chipu, kwa mfano Qualcomm, lazima aandae programu za kuendesha chipu yake. Kisha HTC, Samsung au Motorola wanaliingiza kwenye simu zao na kulivalisha sura yao. Kisha linapelekwa maabara ya mtandao: je, simu za dharura zinapita, je, haiangushi mawasiliano ikihama mnara, je, betri. Likikutwa na hitilafu linarudi kwa mtengenezaji na foleni inaanza upya. Namba ya dharura ikishindwa kupita mtu anaweza kufa, kwa hiyo sipingi kupima. Ninachopinga ni ule ukimya. Mteja anayelipa kila mwezi hakuambiwa sasisho limefika hatua gani.

Na msidhani wenye iPhone walisalimika. Apple tangu 2007 walishikilia haki ya kutoa masasisho wenyewe, na hilo ndilo lililowatofautisha na wengine wote. Juni 2009 wakatoa iPhone OS 3.0, iliyoongeza ujumbe wa picha, MMS. AT&T, waliokuwa mtandao pekee wa iPhone Marekani, hawakuufungulia huo ujumbe hadi tarehe 25 Septemba. Kwa muda wote huo ukimtumia picha mwenye iPhone anapokea maandishi yenye anwani ya tovuti na nywila, akaitazame picha huko. Simu ilikuwa na uwezo tayari, mlango ulikuwa umefungwa upande wa mtandao.

Google walijaribu kuukwepa ukuta huo. Januari 2010 waliuza Nexus One wenyewe mtandaoni, dola 529 bila mkataba. Verizon nao walitarajiwa kuipokea majira ya kuchipua. Watu wakasubiri, mwezi Aprili mpango ukafutwa na wakaelekezwa kwenye simu nyingine, Droid Incredible. Mei 2011, kwenye mkutano wa Google I/O, mitandao na watengenezaji wakubwa walisimama pamoja na kuahidi masasisho kwa miezi 18 tangu simu itoke. Ahadi ile haikutimia. Hata Galaxy Nexus, simu iliyobeba jina la Google, ile ya Verizon ilipokea Jelly Bean, yaani Android 4.1, Septemba 2012, wakati ile ya GSM, ya mitandao inayotumia laini za kuchomeka, ilianza kuipata Julai.

Sasa ndugu mwenye swali. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, soma modeli. Kwa Galaxy za miaka ya karibuni, ikiishia na U ni ya mitandao ya Marekani, U1 ni ya Marekani isiyofungwa mtandao, B ni ya kimataifa. Mwenzako bila shaka ana B. Yako ikiwa U, mara nyingi inasubiri sasisho kutoka kwa mtandao ulioiuza, na baadhi ya mitandao haileti kitu mpaka laini yao iwe ndani, kwa hiyo ukiwa na laini ya hapa utabonyeza mpaka uchoke.

Programu ya B usikubali iwekwe kwenye U hata fundi akikuapia, chipu na modemu mara nyingi hazifanani. Programu ya U1 ya modeli ileile ndiyo fundi mzoefu anaweza kuiweka kwa Odin, programu ya kompyuta ya kupandishia mfumo kwenye Samsung, mradi isiwe ya ngazi ya chini kuliko iliyomo, na ujue kila kitu kitafutika, kwa hiyo hamisha picha na namba kwanza. Habari za kuruti, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu, sahau, Samsung za Marekani kufuli lake la kuwashia halifunguliwi kwa njia rasmi.

Weka hapa modeli kamili na tarehe ya kiraka cha usalama inayoonekana, nitakuangalizia kama kuna U1 yake. IMEI usiiweke hadharani.