Je, Wayao Wote Walikuwa Wauza Watumwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu anasoma kidato cha pili hapa Newala. Katika daftari lake la Historia, chini ya mada ya biashara ya masafa marefu, amenakili kutoka kitabuni kwamba Wayao walikuwa wakamataji na wauzaji wa watumwa, basi. Mwenzake wa dawati ni Myao wa Masasi, na tangu siku hiyo hawagawani tena mabibo njiani. Je, kitabu kimesema kweli, na katika mtihani aandike nini?
Mzazi, Newala

JIBU: Ndugu mzazi, kitabu hakikusema uongo, ila kimekomea njiani. Kwamba watawala wa Kiyao walipeleka watu Kilwa Kivinje kuuzwa ni jambo lisilokanushika, wala ujirani mwema hautudai tulifiche.

Kosa limo katika kiima cha sentensi. Neno "Wayao" linamtia kapu moja mtawala mwenye bunduki, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu, na yule Myao aliyeuzwa na Wayao wenzake. Misafara yao ya pwani ilianza kwa tumbaku, ngozi na majembe ya chuma, ndipo zikafuata pembe. Watumwa waliongezeka kadiri wanunuzi walivyoongezeka, kwanza Wafaransa wa mashamba ya Mauritius na Réunion, ambao mmoja wao, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na baadaye wenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Sentensi aliyoinakili binti yako ina muuzaji, lakini haina mnunuzi.

Masasi anakotoka huyo rafiki yake, misheni ya Waanglikana ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watumwa waliokombolewa, na miongoni mwao walikuwamo Wayao. Misheni hiyo iliposhambuliwa na Wangoni mwaka 1882 (nao wana sentensi yao moja kitabuni, lakini hilo tuliache leo), ilihamia hapo hapo kwenu Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao.

Tena yupo Machemba, mtawala mwingine wa Kiyao, ambaye mwaka 1890 alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili kwamba urafiki na biashara anavikubali, lakini kuwa raia wake hawezi. Katika mada ya upinzani dhidi ya Wajerumani huyu ni shujaa, na wanafunzi wachache hukumbuka kwamba ni Myao yule yule wa mada ya biashara. Naye, tusimpambe, aliishi kwa biashara hiyo hiyo ya misafara.

Katika mtihani, binti aandike "baadhi ya watawala wa Kiyao", kisha ataje nani alinunua na kwa mashamba gani. Sioni msahihishaji atakayemnyima alama kwa hilo. Sentensi hiyo amsomee kwanza mwenzake wa dawati.