Acheni Kupigia Kelele Kiwiko: Majibu kwa Wazazi wa Wapigaji Wadogo

Kocha, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 9, anacheza besiboli. Kila akipiga, gongo linashuka kwanza halafu linapanda, na mipira inaenda juu tu kama anayepopoa maembe. Kwenye mechi namwambia ainue kiwiko, lakini wapi! (Baba, Minneapolis)

Marahaba. Kiwiko hakihusiki. Hujataja gongo lake, na tatizo mara nyingi liko hapo. Mwambie alishike kwenye mpini kwa mkono mmoja, anyooshe mkono pembeni usawa wa bega, nawe hesabu hadi 20. Likitetemeka au kushuka kabla hujamaliza, ni zito kwake. Gongo likiwa zito bega la nyuma linaanguka, mikono inateremka hadi kiunoni, kichwa cha gongo kinachelewa, kisha mtoto anakivuta kutokea chini. Kwa watoto wengi wa umri huo inchi 28 au 29 zinatosha, na aunsi za uzito ziwe pungufu ya inchi za urefu kwa 10 au zaidi: la inchi 28 liwe na aunsi 18 kushuka chini. Mnaonunua la inchi 31 "ili akue nalo" mnamfundisha kosa, na kosa hilo litabaki hata akishapata nguvu za kulimudu.

Ukishapata gongo jepesi, weka mpira kwenye tii (kijiti cha kuwekea mpira) usawa wa mkanda, mbele kidogo ya mahali mguu wake wa mbele unapokanyaga. Nyuma ya mpira, kama sentimita 45 kuelekea kwa mdakaji (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji), simamisha tii ya pili isiyo na mpira, iwe chini kuliko ya kwanza kwa upana wa kiganja. Gongo likiporomoka litagonga tii hiyo ya nyuma, naye atajua mwenyewe bila wewe kufungua mdomo. Mikono ikae karibu na bega la nyuma mpaka kisigino cha mbele kiguse ardhi. Nyonga ianze kuzunguka, mikono ifuate. Tazama chuma cha kufungia mkanda wake: mwisho wa pigo kiwe kimemwelekea mrushaji. Mapigo 25 kwa siku yanatosha, matano matano, apumzike katikati. Akichoka, lile kosa la zamani linarudi na mnaanza kulifanyia mazoezi.

Na kelele za pembeni ya uwanja ziishe. Kwenye ligi nyingi za watoto mpira unarushwa kutoka futi 46 na unafika chini ya sekunde moja. Hawezi kuutazama mpira huku anawaza kiwiko.

Mkono upi uwe juu kwenye mpini wa gongo? (Msomaji, Dodoma)

Anayepiga upande wa kulia, mkono wa kulia. Wa kushoto, kinyume chake. Hili limejibiwa hapa zaidi ya mara moja.

Mwanangu wa miaka 11 anavuta mguu wa mbele pembeni mpira ukija. Kocha wao anataka kumwekea tofali nyuma ya kisigino. (Mama, Dar es Salaam)

Tofali liondolewe leo, atavunjika kifundo. Mguu unakimbia kwa sababu mtoto anaogopa, na ana haki ya kuogopa kitu kigumu cha gramu zaidi ya 140. Mfundisheni kwanza kukwepa. Mrushieni mpira wa tenisi taratibu kutoka mita 5, mkiulenga mwili wake kwa makusudi. Ageuze bega la mbele kuelekea kwa mdakaji, ainamishe kidevu kifuani, mgongo ndio uupokee mpira. Wengi hufungua kifua na uso, na hapo ndipo wanapoumia. Helmeti yenye kufunika masikio yote mawili ivaliwe hata mazoezini.

Akishaacha kushtuka, chora mstari mavumbini kutoka ncha ya kiatu cha mbele kuelekea kwa mrushaji. Hatua iwe fupi, unyayo mmoja hivi, na alama ya kiatu iangukie kwenye mstari. Isome alama hiyo baada ya kila pigo. Mguu ukitoka kidogo lakini bega na nyonga havijafunguka mapema, mwacheni.

Ni kweli apige kuelekea chini? (Mjomba, Columbus)

Hapana. Mpira unatoka juu ya kilima cha mrushaji na unashuka. Gongo linalopanda kidogo linakaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi; linaloshuka linaikata njia hiyo mahali pamoja tu. Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa kupiga wa .406 (mapigo safi kama 4 katika kila zamu 10) akiwa timu ya Boston Red Sox, alifundisha hivyo. Kupanda *kidogo*, lakini. Msirudi kule kwa maembe.

Binti yangu anainua mguu juu sana kama wachezaji wa Japani. Nimkataze? (Baba, Nairobi)

Akiweza kusimama na mguu huo juu kwa sekunde 3 bila kuyumba, mwache. Akiyumba, aukanyage mapema na kisigino tu kiinuke. Mjapani Shohei Ohtani mwenyewe aliacha kuinua mguu alipoanza kucheza Marekani mwaka 2018, kwa kuwa warushaji wa huko walikuwa wanamchelewesha, na nguvu zake hazikupungua.

Kocha, mtoto hapigi mpira kabisa. Mechi ni Jumamosi. Nifanyeje?

Umri? Urefu? Gongo la inchi na aunsi ngapi? Anakosa juu ya mpira au chini yake, anawahi au anachelewa? Bila hayo nitakuwa nakisia. Kabla ya Jumamosi usibadilishe kitu chochote, apige alivyozoea. Jumatatu mpige video kutoka pembeni, anza kutazama miguu.