Doctor Who na kalenda: maswali yenu kuhusu tarehe

Tangu nianze kuongelea tarehe za Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya toka 1963, maswali yamekuwa mengi, kwa hiyo leo nachukua machache niyajibu.

Ile miaka 50 kuangukia Jumamosi, siku ileile iliyoanza, ilipangwa au bahati?

Kalenda yenyewe ndo ilileta, na hili swali nalipenda kuliko yote. Episodi ya kwanza ilirushwa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, saa 11 na robo jioni, siku moja tu baada ya Kennedy, rais wa Marekani, kuuawa. Sasa mwaka wa kawaida una wiki 52 na siku moja juu, kwa hiyo tarehe yoyote inasogea siku moja kila mwaka, na ikivuka Februari 29 inasogea mbili. Toka 1963 mpaka 2013 ni miaka 50, katikati mna Februari 29 mara 13, jumlisha unapata 63, gawanya kwa 7 hakuna kinachobaki, basi umerudi Jumamosi. BBC wakarusha spesho (episodi maalumu ya sherehe) siku hiyohiyo, nchi 94 kwa mpigo.

Ila mimi inayonifurahisha zaidi ni ile ya miaka 25. Fanya hesabu ileile: 25 jumlisha 7 ni 32, ukigawa kwa 7 inabaki 4, hesabu siku nne toka Jumamosi unafika Jumatano, na mwaka huo wa 1988 kipindi kilikuwa kimeshahamishiwa Jumatano! Hadithi ya Silver Nemesis ikaanza tarehe 23 Novemba yenyewe, tarehe na siku ya kipindi vimekutana njiani. Miaka 20 haikuwa hivyo, 1983 tarehe iliangukia Jumatano, Marekani wakaona The Five Doctors, spesho ya miaka 20, siku hiyo na Uingereza kwenyewe wakasubiri mpaka Ijumaa tarehe 25, jambo ambalo mpaka leo naona halikuwa sawa. Miaka 60 ikaangukia Alhamisi, wakaisogeza Jumamosi tarehe 25. Na miaka 100, mwaka 2063, itakuwa Ijumaa.

Nimeona tarehe 26 Machi ina episodi mwaka 1966, 1977 na 2005, ila katikati ya 1966 na 1977 hakuna kitu. Kwa nini?

Kwa sababu miaka yote hiyo kipindi kilikuwa cha Jumamosi, na 26 Machi iliiruka Jumamosi. Fuatilia mwenyewe: 1966 Jumamosi, 1967 Jumapili, 1968 ikaruka mpaka Jumanne, ikaendelea taratibu mpaka 1971 ikafika Ijumaa, unasema haya mwakani Jumamosi, kumbe 1972 ni mwaka wa siku 366, ikapitiliza moja kwa moja mpaka Jumapili. Ndo mzunguko ukaanza upya mpaka 1977. Tarehe ya kawaida ikitoka Jumamosi moja mpaka irudi tena Jumamosi, siku zote nafasi inakuwa miaka 5, 6 au 11 (ukivuka mwaka kama 1900 au 2100, ambao hauna Februari 29, ndo inavurugika kidogo). Ya 2005 ndo ile siku tamthilia iliporudi na msimu mpya baada ya kusimama toka Desemba 1989, ukitoa ile filamu ya tivii ya 1996.

Kuna episodi iliyowahi kurushwa Februari 29?

Moja tu, mwaka 1964, sehemu ya pili ya hadithi ya Marco Polo. Na inauma, manake picha za hadithi yote hiyo zimepotea, imebaki sauti. Februari 29 ya Jumamosi inakuja kila baada ya miaka 28, yaani 1964, 1992, 2020. Mwaka 1992 kipindi hakikuwepo hewani. 2020 kilikuwepo kabisa, tena mwisho wa msimu, lakini toka 2018 walishakipeleka Jumapili kwa hiyo kikarushwa Machi 1, siku moja tu mbele. 1984 nayo Februari 29 ilikuwa Jumatano wakati kipindi ni Alhamisi na Ijumaa, na mwezi huohuo walikuwa wametumia Jumatano mbili, tarehe 8 na 15, kupisha Olimpiki ya majira ya baridi, wakarudi Alhamisi kabla tarehe 29 haijafika.

Krismasi je, si ni kila mwaka?

Hapana, hiyo ni desturi ya juzi tu, 2005 mpaka 2017 bila kukosa, siku yoyote ya wiki itakayoangukia. Zamani Jumamosi ndo ilikuwa inaamua. 1965 Krismasi ilikuwa Jumamosi basi episodi ikarushwa, lakini 1971 na 1976 pia ilikuwa Jumamosi na hawakurusha kitu, mara zote mbili wakaanza hadithi mpya Jumamosi iliyofuata, Januari 1.

Mbona Agosti iko tupu hivyo?

Miaka ya mwanzo msimu ulikuwa unakula karibu mwaka mzima, ndo maana 1964 na 1968 utakuta Agosti zina episodi. Kuanzia 1970 misimu ikafupishwa, baadaye ikawa inaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. 1975 na 1980 zote zilianza Agosti 30, na mpaka hapo naamini unaweza kupiga mwenyewe hesabu ya kwa nini tarehe ni ileile.

Natengeneza orodha yangu, niandike tarehe ya Uingereza au ya nilipo?

Ya Uingereza, tafadhali. Ile spesho ya 2013 Australia ilikuwa imeshakuwa Jumapili asubuhi tarehe 24, na msimu wa 2024 ulipotoka saa 6 usiku Uingereza kuingia Jumamosi Mei 11, Marekani bado ilikuwa Ijumaa jioni. Ukichanganya hizo hutapata mpangilio wowote. Weka safu ya pili ya tarehe za kwako kama unazitaka, ila usihesabie hizo.